Barua ya wazi kuhusu benchi la Alhamisi la wakili wetu wa Lindi

Kwa Waziri wa Katiba na Sheria, kwa Jaji Mkuu wa Tanzania, kwa Chama cha Mawakili wa Tanganyika, na kwa viongozi wa Mkoa na Manispaa ya Lindi.

Waheshimiwa,

Alhamisi ya kwanza baada ya mazishi ya wakili wetu nilikwenda ofisini kwake kupiga deki na kufungua madirisha, kwa kuwa tangu nilipoanza kazi pale chumba kile kilikuwa hakijapata kufungwa siku sita mfululizo. Nilikuta watu 11 wamekaa kwenye benchi la nje na kwenye ngazi. Wachache walikuwa hawajasikia habari ya msiba, lakini wengi wao nilikuwa nimewaona makaburini, wakitupa udongo kwa mikono yao, na bado walikuja kwa kuwa ilikuwa Alhamisi na karatasi zao zilikuwa hazijapata jibu. Bibi mmoja aliyeteremka kutoka Rondo alifungua pindo la khanga yake, akatoa hati ya wito iliyokunjwa mara nne, akaniuliza kwa upole kama yupo mwingine. Nilimwambia hayupo. Akasema basi nimwache akae kidogo apumzike, na akakaa pale mpaka adhana ya adhuhuri.

Ninaandika barua hii kwa ajili ya benchi lile, ambalo kila Alhamisi watu walilikalia wakingoja kusikilizwa na wakili wetu bila malipo.

Nilikuwa karani wa marehemu kwa miaka 19. Familia yake imeniomba nisilitaje jina lake, kwa kuwa yeye mwenyewe hakupenda lipakwe hata juu ya mlango wa ofisi, palipoandikwa neno WAKILI peke yake kwa rangi ya bluu iliyokwisha pauka, nami nimeliheshimu ombi hilo. Hapa kwetu, kuanzia Mitwero mpaka ng'ambo ya Kitunda, hakuna atakayesoma barua hii asijue ninamsema nani.

Kwenye hitma ya arobaini, mmoja wa wakubwa waliohudhuria alisimama akaahidi kupeleka pendekezo kwamba mtaa mmoja wa mji wetu uitwe kwa jina la marehemu. Watu waliitikia kwa furaha, na mimi sikatai heshima hiyo, maana ilitolewa kwa moyo mwema. Lakini usiku ule, wageni walipoondoka na masufuria yalipokwisha kuoshwa, mjane wake aliniita chumbani akaniuliza swali moja tu: "Na wale wa Alhamisi, wanakwenda kwa nani sasa?" Sikuwa na jibu. Nimeona ni haki swali hilo niwafikishie ninyi, kwa sababu jibu lake liko mikononi mwenu kuliko lilivyo mikononi mwangu au mwake.

Marehemu alizaliwa mwaka 1961, mwaka ambao nchi yetu ilipata uhuru na ambao elimu ya chuo kikuu ilianza Dar es Salaam, mwezi Oktoba, ikiwa na kitivo kimoja tu, nacho kilikuwa cha sheria. Alipenda kuutaja mwaka huo kama mtu anayemtaja ndugu yake wa kunyonya. Baba yake alikuwa mkata mkonge katika shamba la Kikwetu, na mama yake alilima mihogo na kutunza mikorosho michache ya ukoo. Kwetu Wamwera mtoto ni wa upande wa mama, na kwa hiyo mjomba wake ndiye aliyeuza korosho za msimu mzima ili anunue sanduku la chuma na kulipa nauli ya kijana kwenda kusoma. Siku hizo kwenda Dar es Salaam haikuwa safari ya kuondoka asubuhi na kufika jioni. Mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni, na masika yakikolea basi lilikwama njiani hata siku kadhaa, abiria wakapika kando ya barabara na kulala chini ya miti. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003, na hata baada ya hapo kile kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilometa 60, kiliendelea kututesa kwa miaka. Ninaitaja barabara kwa sababu kijana wa kusini aliyekwisha fika chuo kikuu, kule Mlimani, na kuapishwa kuwa wakili alikuwa na kila sababu ya kutorudi, na wenzake wengi hawakurudi. Mpaka leo sehemu kubwa ya mawakili wa nchi hii iko Dar es Salaam. Yeye alirudi na sanduku lile lile, akapanga chumba kimoja karibu na soko, akanunua meza, viti viwili na benchi.

Mimi nilifika kwenye benchi hilo kwa njia ya uchungu. Baba yangu mdogo alikuwa na shauri la shamba katika baraza moja ambalo sitalitaja. Siku ya hukumu aliambiwa kwa ufupi kwamba uamuzi umetoka, akapewa nakala, akaikunja, akarudi nayo kijijini akiwa na furaha kwa kuwa karani alikuwa amemtabasamia. Nakala ilikuwa ya Kiingereza. Alikaa nayo miezi mitatu chini ya godoro akiamini kwamba ameshinda, mpaka siku alipokuja mwenzake na watu wa kupima, ndipo tulipotafuta mtu wa kuisoma na kukuta kwamba alikuwa ameshindwa na kwamba siku za kukata rufaa zilikwisha pita. Wakili wetu alituandikia maombi ya kuongezewa muda bila kutudai hata senti, lakini maombi hayakufua dafu, kwa kuwa kutojua sheria hakuhesabiwi kuwa sababu ya kutosha. Siku tuliyorudi na jibu hilo alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza kama ninajua kupiga chapa. Nikamwambia ninajua. Akasema anatafuta mtu wa kumsaidia kuhakikisha kwamba hakuna mtu mwingine atakayeondoka katika chumba chake asijue karatasi aliyoishika inasema nini.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu ya kwanza, na ndiyo niliyoifanya mpaka mwisho. Kila hati iliyotoka au kuingia tuliandika nyuma yake, kwa kalamu na kwa Kiswahili cha nyumbani, mistari mitatu au minne: hii ni karatasi gani, inataka nini kwako, na mwisho wake ni tarehe ngapi. Tarehe ilipigiwa mstari mara mbili. Alikuwa akisema kwamba sheria imempa mtu siku 30 kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya, na siku 45 kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwenda Mahakama Kuu, lakini kwa mkulima ambaye hajaambiwa, siku hizo ni sawa na siku zisizokuwapo. Mwaka 2021, sheria ilipobadilishwa na Kiswahili kikafanywa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, nilimwona akifuta miwani yake mara nyingi kuliko kawaida. Hakuacha kuandika nyuma ya karatasi, hata hivyo, kwa sababu alijua kwamba Kiswahili cha hukumu nacho kinahitaji mtu wa kukifungua.

Naomba nieleze jinsi Alhamisi ilivyokuwa, kwa kuwa wengi wenu mmeisikia kwa mbali tu. Siku nyingine zote za kazi marehemu alikuwa wakili kama mawakili wengine, akilipwa na waliokuwa na uwezo, akisafiri kilometa zaidi ya 100 kwenda Mtwara kwenye Mahakama Kuu na kurudi. Alhamisi hakupokea malipo. Hakuwahi kuandika tangazo, na wala hakuwahi kuuliza mtu cheti cha umaskini. Watu walifika kwa gari la kwanza kutoka Milola, Mnolela na Nyangao, wengine wakavuka kwa kivuko kutoka Kitunda, wakakaa kwa zamu waliyojipangia wenyewe. Kwa kuwa kwa miaka mingi wakili hakuruhusiwa kusimama katika Mahakama ya Mwanzo, alikuwa akiwafundisha watu kujisemea. Aliigeuza meza yake kuwa meza ya hakimu, akaniweka mimi na mteja mwingine yeyote kuwa washauri wa mahakama, akamwambia mzee asimame. "Sema jina lako, njomba. Sasa sema shamba lako linapakana na nani upande wa jua linakochomoza. Usinitazame mimi, mtazame hakimu." Mzee akianza kutetemeka au kupandwa na hasira aliambiwa akae, anywe maji, aanze upya. Nimeona watu wakirudia mara nne, mara tano, na nimewaona wiki mbili baadaye wakija kutuambia kwamba walisema yote na hawakusahau mpaka hata mmoja.

Mambo yaliyoletwa pale yalikuwa ya kwetu, na mtu asiyeishi kusini anaweza asiyaelewe kwa urahisi. Chukueni kangomba. Miezi ya njaa inapoingia, kabla mikorosho haijatoa maua, anakuja mtu na fedha taslimu na unga, anamkopesha mkulima kwa ahadi ya kilo za korosho wakati wa msimu, kwa bei ambayo ni kivuli tu cha bei ya mnada. Karatasi inaandikwa, dole gumba linagongwa, na wakati mwingine mikorosho yenyewe inawekwa rehani. Msimu ukifika, mwenye shamba anakuwa kibarua katika miti aliyoipanda babu yake. Serikali ilileta mfumo wa stakabadhi ghalani katika korosho msimu wa 2007/2008 ili mkulima auze kwa pamoja na kwa mnada, na kangomba ikapigwa marufuku, lakini marufuku haijazi sufuria mwezi wa Machi.

Mkulima mmoja alikuja na karatasi ya namna hiyo, mikorosho 60 ikiwa imeandikwa ndani yake kana kwamba ni mikopo ya sukari. Wakili angeweza kufungua shauri, maana sheria ya mikataba iko wazi kwamba mkataba wenye lengo lililokatazwa na sheria ni batili. Badala yake alimwita yule mkopeshaji ofisini, akamwagizia kahawa, akamsomea kifungu kwa sauti ya taratibu, na baada ya hapo akamwuliza ni kiasi gani hasa kilitoka mfukoni mwake. Wakakubaliana kwamba fedha hiyo, bila nyongeza, ingerudishwa mnada wa kwanza ukishalipwa. Mkulima alirudisha. Mwaka uliofuata mkopeshaji yule yule alikaa kwenye benchi letu la Alhamisi akiwa na mgogoro wa nyumba ya urithi, na akasikilizwa kwa zamu yake kama wengine. Katiba yetu, katika ibara ya 107A, inaziagiza mahakama kutenda haki bila ya kujali hali ya mtu kijamii au kiuchumi, kutochelewesha haki, na kukuza usuluhishi baina ya wanaogombana. Ibara hiyo marehemu aliijua kwa moyo, lakini sikumsikia akiinukuu mbele ya watu. Aliifanya tu.

Jambo lililomuumiza kuliko yote lilikuwa mirathi. Mume akifa, wapwa zake wanakuja, na kwa mila yetu ya ukoo wa mama wanajiona kuwa wenye mali, wakati mjane amepalilia mikorosho hiyo kwa miaka 30. Kikao cha ukoo kinamchagua msimamizi, msimamizi anakwenda Mahakama ya Mwanzo kuthibitishwa, akirudi na karatasi yenye muhuri anaamini kwamba amerithi kila kitu. Wakili aliirudia kauli yake Alhamisi nyingi mpaka ikawa kama salamu pale ofisini: msimamizi si mrithi, msimamizi ni mtumishi wa warithi. Aliwaonyesha kwamba ndani ya miezi minne msimamizi anatakiwa apeleke mahakamani orodha ya mali na madeni yote ya marehemu katika Fomu Na. 5, na baadaye hesabu ya mgawanyo katika Fomu Na. 6, na kwamba mjane au mtoto yeyote anaweza kwenda kuuliza iwapo fomu hizo zimepelekwa. Wajane wengi hawakuwa wamewahi kusikia habari ya fomu hizo. Kwa wanandoa waliofika mahali pa kuachana, aliwasimulia shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ambalo Mahakama ya Rufani iliamua mwaka 1983 kwamba kazi ya mke ya kutunza nyumba nayo ni mchango unaohesabika katika mali ya ndoa. Alilisimulia kama hadithi ya watu anaowafahamu, akianza na jina la mwanamke, na nimewaona wanaume wazima wakiinamisha vichwa.

Na yeye mwenyewe aliishi hivyo hivyo. Hati ya nyumba yake ina majina mawili, lake na la mkewe, tangu siku ilipoandikwa. Wosia wake ulikuwa ndani ya kopo la biskuti, juu ya kabati, pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya mabinti zake watatu, na kila mmoja wao alijua upo pale na unasema nini. Mirathi yake ilikwisha bila mtu kumwinulia mwenzake sauti. Jambo hilo nalihesabu kuwa kubwa kuliko mashauri yote aliyoshinda.

Naomba mniruhusu nikae kidogo hapa nyumbani kwake, kwa sababu waliomsifu msibani walimsifu zaidi kwa mahakama, na mimi niliona kitu kingine. Miaka minane kabla ya kifo chake, mkewe, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, alipata kiharusi, mkono wake wa kulia ukapooza. Mabinti walikuwa wamekwisha olewa mbali, na ndugu walijitolea kuleta msichana wa kumhudumia. Msichana alikuja, akapika na kufua, lakini nywele za mkewe, marehemu hakumwachia mtu. Kila asubuhi saa moja nilipofika nyumbani kwake kuchukua mafaili ya siku, niliwakuta barazani, mama amekaa kwenye kigoda, yeye nyuma yake kwenye kiti kifupi, kikombe cha mafuta ya nazi kando ya mguu. Aligawa nywele kwa ncha ya chanuo kuanzia kwenye paji la uso, polepole, akirudia mstari ukipinda. Alijua msuko mmoja tu, mabutu mawili ya kulala nyuma. Mimi nilisimama kwenye nguzo nikimsomea mashauri ya siku, naye akijibu huku anasuka, na mara nyingi mama ndiye aliyemkumbusha kwamba yule wa Ng'apa alisema kisima kilichimbwa kabla ya mgomba, wala si baada yake. Akimaliza alimgeuzia kioo. Mama akitikisa kichwa kwamba bado, alifumua upande ule akaanza tena, hata kama tulikuwa na shauri saa tatu kamili.

Mafaili yetu mengi ya miaka hiyo yana alama ya kidole chenye mafuta kwenye pembe ya juu, upande wa kulia. Nimeyapitia yote baada ya msiba na nimeiona alama hiyo katika faili baada ya faili.

Magharibi ikiingia hakufanya kazi. Simu aliizima, akaswali, akala na mkewe kwa mkono wake akimmegea, na wajukuu wakiwapo aliwasikiliza wakisoma mpaka wasinzie. Samaki alinunua mwenyewe, akigombana kwa upendo na wavuvi juu ya bei ya changu. Wapo waliomwambia kwamba angekuwa tajiri kama angekubali wateja wa usiku. Alijibu kwamba mchana unamtosha.

Sasa nirudi kwenye ombi langu, waheshimiwa, ambalo ninalitoa kwa heshima na bila lawama kwa mtu.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ipo, na ni sheria njema. Imemweka Msajili, imewatambua wasaidizi wa kisheria, na imempa mtu asiye na uwezo haki ya kuomba msaada. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa mwaka 2023, imewapelekea wananchi wanasheria mpaka vijijini, na mtu aliyewahi kuona mama mzee akisikilizwa na mwanasheria chini ya mwembe hawezi kuidharau. Lakini hati ya wito haingoji kampeni. Inafika siku inayotaka, ikiwa na tarehe yake, na msaidizi wa kisheria, hata akiwa hodari kiasi gani, hawezi kusimama mahakamani kwa niaba ya mtu. Kinachohitajika Lindi ni mwanasheria anayekaa, mwenye mahali panapojulikana na siku inayojulikana, ili mtu wa Rondo akipoteza usingizi Jumatatu ajue kwamba Alhamisi yupo mtu.

Kwa Mheshimiwa Waziri, ombi langu ni kwamba Lindi ipangiwe wakili mmoja anayelipwa na Serikali kwa kazi hiyo, na kwamba siku yake ya kuwapokea watu wasio na uwezo ibaki kuwa Alhamisi, kwa kuwa siku hiyo imekwisha ingia vichwani mwa watu na kuibadilisha ni kuwapoteza tena. Ikiwezekana, mara moja kwa mwezi asogee Milola, Nyangao au ng'ambo ya Kitunda, kwa sababu nauli ya kuja mjini na kurudi ni fedha ya kula ya nyumba nzima. Mahitaji yatazidi, hayatapungua. Huko Likong'o mradi wa kusindika gesi asilia umesubiriwa kwa zaidi ya miaka 10, na utakapoanza kwa nguvu zake zote utakuja na ramani, tathmini na mikataba ambayo watu wetu watatakiwa kuitia saini. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema fidia iwe kamili, ya haki na ya wakati. Maneno hayo yanahitaji mtu wa kuyasoma pamoja na mwenye shamba kabla kalamu haijashikwa.

Kwa Mheshimiwa Jaji Mkuu, ombi langu ni dogo kwa ukubwa wa karatasi na kubwa kwa wanaolisubiri. Naomba kila nakala ya hukumu au uamuzi inayotolewa kwa mtu asiye na wakili iandikwe, juu kabisa, kwa tarakimu zinazosomeka, tarehe ya mwisho ya kukata rufaa na mahali pa kuipeleka, na karani amsomee mtu huyo tarehe hiyo kwa sauti kabla hajatoka mlangoni. Najua mabaraza ya ardhi yana utaratibu wake, na ninaomba wanaohusika nayo wakubali jambo hilo hilo. Baba yangu mdogo alifariki akiwa anaishi kwa shemeji yake. Laiti angeandikiwa tarehe moja tu juu ya karatasi ile, nisingekuwa na habari hii ya kuwasimulia.

Kwa Chama cha Mawakili wa Tanganyika, ambacho kimekuwapo tangu mwaka 1954 na ambacho marehemu alikilipia ada yake kila mwaka hata miaka ambayo ofisi ilikuwa inadaiwa kodi, ombi langu ni juu ya mafaili yake. Yamebaki mafaili 37 ya mashauri ambayo hayajafika mwisho, na 22 kati yao ni ya watu wa Alhamisi. Nimeyapanga kwa tarehe za kutajwa, la karibu zaidi likiwa juu. Kila faili nimeliandikia kwa nje nani ni mteja, shauri limefikia wapi, na nini kilichoahidiwa. Mawakili vijana wanaapishwa kila mwaka kwa mamia, na ninaamini miongoni mwao wapo wawili watatu wenye asili ya Lindi au Mtwara, au wasio na asili hiyo lakini wenye moyo, ambao wangeweza kugawana mafaili hayo. Nitawaonyesha kila kitu. Mimi si mwanasheria na sijidai kuwa mwanasheria, lakini ninawajua wateja kwa sura, ninajua nani anasikia kwa shida, na nani ni lazima aitwe pamoja na mjomba wake ndipo aseme kweli.

Kwa viongozi wa Mkoa na Manispaa, ahadi ya mtaa tuliipokea, na ikitimizwa tutashukuru. Lakini kama fedha ya kibao na ya sherehe ya kukizindua ipo, ninaomba itumike kwanza kulipia chumba. Chumba ni kile kile, karibu na soko, chenye paa linalovuja upande wa kabati. Mwenye nyumba ni mtu muungwana na amesema hatampangisha mwingine mpaka apate jibu kutoka kwetu. Mjane amelipa kodi kutoka katika mafao yake mpaka mwisho wa mwezi wa Desemba, ingawa nilimsihi asifanye hivyo.

Kila Alhamisi tangu ile ya kwanza nimekuwa nikifungua mlango saa mbili asubuhi. Ninawasomea watu karatasi zao, ninawaandikia nyuma tarehe na kuipigia mstari mara mbili, kisha ninawaeleza kwamba zaidi ya hapo sina ninachoweza kuwafanyia. Bibi wa Rondo amerudi mara mbili. Shauri lake litatajwa tarehe 14 mwezi ujao.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Aliyekuwa karani wa marehemu,
Lindi.